Keki ya jibini inapasuka juu na ndani ina chembechembe, nirekebishe wapi?

Wakuu habarini. Naomba ushauri kuhusu keki ya jibini ya kuoka, mtindo wa New York. Vipimo: jibini ya krimu gramu 900, sukari 300, mayai 5, vanila. Chombo cha sentimita 23, oveni nyuzi 180 kwa saa moja na robo. Juu inapasuka, ndani ina chembechembe, ladha ni sukari tupu. Nataka iwe nzito lakini iyeyuke mdomoni.

MamaTanuri
Moto umezidi. Kinachoshikilia keki hii ni mayai; yakiiva kupita kiasi protini zake hujikaza na kutoa maji, chembechembe ndizo hizo. Shusha hadi 160. Zungushia chombo foili tabaka mbili, kiweke kwenye trei ya maji ya moto yanayofika nusu ya kimo chake. Maji hayo hayapiti nyuzi 100, kwa hiyo kingo hazikauki kabla ya katikati kuiva. Anza kukagua dakika ya 60: pembeni pameshika, katikati panatikisika kwa pamoja bila kumwagika kama uji. Mwenye kipimajoto atoe ikifika 65 hadi 68. Ukisubiri katikati pakauke umeshachelewa, maana huendelea kushika ikipoa.

Kisu_Moto
Na uchanganyaji je? Jibini ikae nje ya friji saa mbili, la sivyo madonge hayaishi. Ilainishe na sukari kwanza, spidi ndogo. Mayai ni ya mwisho, moja moja, na uache mara tu yakichanganyika. Ukiyachapa sana unaingiza hewa, keki inaumuka, kisha inashuka na kupasuka.

LimauNaVanila
Ladha: sukari 230 inatosha. Ongeza mtindi usio na sukari, uliochujwa kwenye kitambaa ukawa mzito, gramu 200, maji ya limau vijiko vikubwa 2, chumvi nusu kijiko cha chai. Mtindi una maji, tia kornflawa kijiko kikubwa kimoja. Jibini chagua ya kipande. Ile ya kupaka mkate ni laini mno.

Mwuliza swali
Asanteni sana. Kupoza je? Oveni ni ya gesi, moto wa chini tu.

MamaTanuri
Weka waya wa katikati, trei ya maji italinda kitako. Ukizima, acha mlango wazi kidogo kwa saa moja, kisha pitisha kisu pembeni: keki husinyaa ikipoa, na iliyogandamana na chombo hujichana. Baada ya hapo friji saa 8. Ukiionja kabla ya hapo utadhani haijaiva.

Kisu_Moto
Kata kwa kisu kilichochovywa maji ya moto, ukikifuta kila kipande.