Tupeane uzoefu: Nani ameotesha maua ya kudumu kwa mbegu hapa Arusha na Moshi?

Mtoa mada (Sakina, Arusha)
Wakuu habari zenu. Wengi wetu tukitaka ua la kudumu tunasimama kwenye vitalu vya barabarani, tunachagua mche uliokwisha chanua, tunalipa, tunaondoka. Leo naomba tusikie waliosia mbegu wenyewe wakangoja hadi ua likatoka. Siulizii zinia na maua mengine ya msimu mmoja. Naulizia yale yanayokaa miaka: agapanthasi, jebera, strelizia, lavenda.

Naanza na agapanthasi kwa sababu ndiyo naipenda kuliko zote. Maua yakishapukutika usikate kikonyo. Acha vile vibweta vya mbegu vikauke viwe kahawia na kuanza kupasuka vyenyewe. Ukivibonyeza zinatoka mbegu nyeusi, nyembamba, kila moja na kibawa chake. Zisie mara tu ukizitoa, kwani zikikaa sana nguvu ya kuota inapungua. Mimi nachanganya mboji iliyochekechwa na mchanga wa mtoni, natandaza mbegu juu, nafunika kidogo tu. Baada ya kama mwezi linachomoza jani moja jembamba kama la kitunguu kichanga. Halafu ndipo subira inapoanza, maana ua la kwanza huja kwenye mwaka wa tatu, pengine zaidi. Lakini ukilingoja, hilo shina ni lako kwelikweli. Linapanuka kila mwaka na baadaye unaligawa kwa jembe.

Kibosho
Mwanangu, umenigusa. Huku kwetu mmea wa kudumu tumezoea kuuchomeka. Masale ya mpakani mwa kihamba (shamba la nyumbani la Kichagga) hakuna anayeyasia, unakata kipande, unachimbia, kinashika. Ndiyo maana mtu akiambiwa asubiri miaka mitatu anaona unamtania. Mimi nina agapanthasi za buluu na nyeupe bega kwa bega, na nyuki hawajui mpaka. Mbegu nilizookota kwenye nyeupe zilinipa miche ya rangi mchanganyiko. Ukitaka nyeupe tupu, gawa shina. Ukitaka kushangazwa, sia mbegu. Mimi napenda kushangazwa.

Njiro
Shikamoo mama. Mimi ni mtu wa jebera. Mbegu yake ni ndefu, ina ncha upande mmoja na manyoya upande mwingine. Naichomeka wima, ncha chini, manyoya yabaki juu ya udongo, kwa sababu inataka mwanga ili iote. Ikiwa mpya na kuna joto, wiki moja hadi mbili unaona kijani. Ikiwa imekaa dukani muda mrefu, usitegemee kitu, hivyo nunua kwa anayeuza haraka na uangalie tarehe kwenye pakiti. Wakati wa kuhamisha, kile kitovu majani yanapotokea kiwe juu ya udongo. Ukikifukia, kinaoza.

Pasua, Moshi
Wakuu, tofauti ya hali ya hewa msiipuuze. Arusha mko kwenye mita 1,400 hivi, sisi Moshi mjini tuko kwenye 800 na kitu. Mwezi wa saba mbegu zenu zinalala kwa baridi wakati zetu zinaota. Lakini masika yakija huku, joto na unyevu vikikutana, kinyausi, ugonjwa wa kuozesha miche michanga, kinafyeka trei nzima. Jioni miche imesimama, asubuhi imelala, shina limesinyaa pale pale linapoingia ardhini. Ninachofanya: udongo naumwagia maji ya moto kwanza na kuuacha upoe, mbegu nazisia kwa kuziachia nafasi, namwagilia asubuhi tu, na kivuli cha majani ya mgomba nakiinua juu ili upepo upite. Hatua ya kutoka kuota hadi majani mawili ya kweli ndiyo inayoua miche mingi kuliko zote. Ukiivuka hiyo, umemaliza sehemu ngumu.

Usa River
Strelizia: mbegu nyeusi yenye kishada cha nyuzi za rangi ya chungwa. Toa nyuzi zote, kwaruza ganda kidogo kwa msasa, loweka siku 1 hadi 2, kisha sia. Inaweza kukaa miezi kabla ya kuota, kwa hiyo usimwage udongo. Weka kibao chenye tarehe ili mtu wa nyumbani asidhani ni kopo tupu.

Mtoa mada (Sakina)
Asanteni sana, hili la kibao nalichukua. Na lavenda je? Nasikia mbegu inataka baridi kwanza.

Njiro
Ndiyo mkuu. Ichanganye na mchanga wenye unyevu kidogo, funga kwenye mfuko, weka kwenye friji sehemu ya chini, siyo kwenye barafu, wiki 3 au 4. Kisha sia juu juu. Ikikua ipe jua kali na udongo unaopitisha maji haraka. Udongo wetu mweusi ukishika maji, mizizi inakufa, kwa hiyo ongeza kokoto au iweke kwenye tuta lililoinuka.

Kibosho
Vibweta vyangu vya agapanthasi vimeanza kupasuka wiki hii. Anayetaka mbegu aseme buluu au nyeupe, na aje na bahasha ya karatasi, siyo mfuko wa nailoni. Kwenye nailoni zinaota ukungu.

Pasua, Moshi
Mama, mimi nyeupe. Najua zitachanganyika, nazitaka hivyo hivyo.