Naombeni ushauri: siku sita Mbeya na Tukuyu, nina mama mwenye goti bovu na watoto wawili

Mama Wawili
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Wiki ya mwisho ya Desemba tunatoka Dar kwenda Mbeya: mimi, mume wangu, watoto wa miaka 9 na 13, na mama yangu mzazi. Mama ana miaka 68. Kwenye tambarare anatembea vizuri, ila mteremko unamtesa goti. Alifundisha shule ya msingi karibu na Tukuyu kabla sijazaliwa, akahamishwa, na hajarudi tena. Mvua ikinyesha Dar hutuambia, "Haya ni manyunyu, mvua iko Tukuyu." Nataka sana safari hii imfurahishe.

Nimeandika Hifadhi ya Kitulo, Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu, Kijungu, ufukwe wa Matema na kimondo cha Mbozi. Gari letu ni IST. Siku sita, kwenda na kurudi zikiwa humo humo. Tuanzie wapi?

Dereva wa Masafa
Dada, piga hesabu ya barabara kwanza. Dar hadi Mbeya ni takriban kilomita 830, ndani yake kuna Mikumi ambako mwendo ni wa pole kwa ajili ya wanyama, kuna mlima Kitonga, na malori ya Zambia na Kongo hayaishi. Ukiwa na mtu mzima na watoto utalala Iringa kwenda, utalala Iringa kurudi. Siku nne zimeisha. Umebaki na mbili, na sehemu sita za kutembelea. Ama muongeze siku, ama mpande ndege mpaka uwanja wa Songwe, Mbeya, na kukodi gari hapo.

Mama Wawili
Asante kaka, hapo sikuwa nimepaona. Mume wangu anaweza kusogeza likizo, tukapata siku nane. Ndege kwa watu watano hatuiwezi.

Mpenda Pwani
Mimi ningefuta Kitulo na kwenda Matema moja kwa moja. Mchanga, maji, milima ya Livingstone imesimama nyuma yako kama ukuta. Watoto watacheza, bibi atakaa kivulini. Huko Kitulo Desemba ni ukungu na tope.

Msimamizi wa Maua
Hapana, tafadhali. Kitulo Desemba ndiyo wakati wake. Maua huanza mvua zikishika, Novemba au Desemba, na huendelea hadi Aprili. Ukienda Agosti unakuta nyasi kavu na baridi tu. Kuna aina zaidi ya 40 za okidi kwenye uwanda ule, na mengine yamesimama mekundu na ya chungwa kama mienge. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Hakuna tembo wala simba, kwa hiyo mnashuka garini na kutembea, na uwanda wenyewe ni tambarare, goti la mama halitalalamika. Waambieni watoto wasichimbe chochote: viazi vya okidi ndivyo hupikwa chakula kiitwacho chikanda, na biashara yake kuvuka kwenda Zambia imemaliza maua mengi sehemu za jirani.

Juu kule ni zaidi ya mita 2,600. Beba sweta nzito, si kitenge peke yake. Malipo ya hifadhi fanyeni kwa kadi au kwa namba ya malipo, msitegemee kutoa noti getini.

Dereva wa Masafa
Naunga mkono, lakini si kwa IST. Ile njia ya Chimala kupanda Matamba ina kona 57, ndiyo maana inaitwa Hamsini na Saba. Mwaka mmoja Januari nilipanda na gari dogo, mvua ikanikuta juu, tumbo la gari likakaa kwenye tope hadi wakulima wa viazi wakaja na trekta. Tulikaa saa nne na mtoto mchanga. Acheni IST mjini, kodini gari refu la siku moja, mpitie Isyonje.

Mzawa wa Rungwe
Dada yangu, nimekulia huko, naomba nikupangie nikimfikiria mama.

Mbozi iache. Kimondo ni kizuri, lakini kiko Mkoa wa Songwe, mnakwenda na kurudi siku nzima.

Ngozi mama asipande. Ni mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili msituni, mwisho wake ni mkali na Desemba unateleza. Mumeo aende na watoto asubuhi na mapema pamoja na mwongozaji wa pale. Watazame ziwa kutoka ukingoni, wasishuke majini.

Siku hiyo hiyo wewe na mama shukeni Tukuyu polepole. Msikimbilie kivutio chochote. Mpeleke shuleni kwake, mpitishe kwenye mashamba ya chai, sokoni ale ndizi. Akisikia "ugonile", salamu ya Kinyakyusa, na kujibu mwenyewe, utaona uso wake.

Daraja la Mungu mwende wote. Ni mwamba wa volkano uliotobolewa na Mto Kiwira, maji yanapita chini yake. Kijungu kiko mbele kidogo, mto unaingia kwenye shimo na kuchemka kama chungu. Kiko eneo la Chuo cha Magereza, kwa hiyo jiandikisheni getini na ulizeni kabla ya kupiga picha. Mshike mdogo mkono, mawe yana utelezi.

Matema malizieni hapo, usiku mbili. Ziwa Nyasa liko mwinuko usiofika mita 500, mtatoka kwenye sweta na kuingia kwenye jasho, na mbu wapo, chandarua ni lazima. Kuogelea waulizeni wenyeji: wawaonyeshe pa salama, mkae mbali na midomo ya mito kwa sababu ya mamba. Kuleni samaki mbasa na wali wa Kyela. Kama ziwa limetulia, chukueni mtumbwi hadi Ikombe mkaone akina mama wa Kikisi wanavyofinyanga vyungu.

Mpenda Pwani
Nimekubali. Kitulo ibaki, ila Matema iwe mwisho kama alivyosema.

Mama Wawili
Nimemsomea mama jibu la Mzawa. Aliposikia habari ya shule alinyamaza, kisha akaenda chumbani akarudi na picha ya darasa, watoto wamesimama mbele ya ukuta wa matofali. Ameniuliza kama ule mparachichi uliokuwa nyuma ya ofisi bado upo.

Mzawa, shule iko njia ya kwenda Masoko. IST inafika?

Mzawa wa Rungwe
Jua likiwaka inafika. Ikinyesha, acheni gari barabara kuu mchukue bajaji. Msalimie sana mwalimu. Ndaga fijo, asanteni sana.