Majirani wa Mirema: njia za baiskeli siku ya Mashujaa

*Jumanne jioni*

Mama Shiru: Hamjambo majirani. Shiru amezunguka na baiskeli hapa kwenye maegesho tangu likizo ya Agosti, sasa anataka njia yenyewe, ya udongo na vilima. Mimi pia nimejinunulia moja ya gia, ya mtumba. Sikukuu ya Mashujaa tuko nyumbani. Twende wapi, mtoto wa miaka 13 na mama anayeanza, tusije tukateseka?

Brayo: Ngong Hills, mama! Upande mmoja Bonde la Ufa, upande wa pili Nairobi yote. Hakuna kama pale.

Baba Otis: Brayo, Ngong tutafika, lakini si ya kuanzia. Kilele cha juu ni mita 2,460, na vilele vimefuatana: unashuka chini kabisa ndipo upande tena. Mawe ni ya kuteleza chini ya tairi, na upepo haupumziki. Ndiyo maana mitambo ya umeme wa upepo imesimamishwa pale. Asiyezoea kushika breki atasukuma baiskeli nusu ya safari, na mtoto ataichukia kabla hajaipenda.

Halima wa Blok C: Upepo ule naujua. Nilipanda kwa miguu, leso nikaishika kwa mikono miwili.

Mzee Musyoka: Wanangu, mimi nami nimo. Magoti yangu hayataki kupanda, kushuka hayana neno. Ipo njia ya mtu wa hali hiyo?

Baba Otis: Ipo mzee, na ni nzuri sana. Ngojeni nifike nyumbani niandike vizuri.

Baba Otis: Haya. Watu huuliza kwanza “ni kilomita ngapi?” Huku kwetu swali hilo halitoshi. Tazameni nchi ilivyolala. Mito ya Kiambu, yaani Ruiru, Kamiti, Riara, Gatharaini, yote inatoka huko juu na kuteremkia kusini mashariki. Kati ya mto na mto kuna mgongo mrefu wa ardhi. Ukiufuata mgongo kutoka juu, unaenda kilomita nyingi ukiteremka polepole, hata hushtuki. Ukiikata migongo, unatumbukia mtoni, unapanda ng'ambo, hujapumua unatumbukia tena. Kilomita 10 za kukata zinaua mtu kuliko 25 za kufuata.

Baba Otis: Kwa hiyo mkisikia njia yoyote ya Kiambu, ulizeni: inafuata au inakata? Hapo mtajua ni ya nani.

Mama Shiru: Hili sijawahi kulisikia, na nimezaliwa Githunguri 😮

Mzee Musyoka: Ni kweli kabisa. Reli na barabara za zamani zilipita juu ya migongo kwa sababu hiyo hiyo.

Brayo: Sawa, ya kukata ni yangu. Niambie wapi.

Baba Otis: Subiri, tuanze na Shiru. Mama Shiru, Jumamosi kabla ya Mashujaa mpeleke msitu wa Karura. Mnatoka hapa, mnapita Garden Estate, mnavuka Barabara ya Kiambu kwa miguu mkisukuma baiskeli (tafadhali, magari pale hayangoji mtu), mnaingia kwa lango la upande huo. Pesa taslimu hawapokei, lipa kwa simu. Njia ni za udongo, makutano yana nambari, kwa hiyo hata mkipotea mnampigia mtu mnamwambia mko nambari ngapi. Hakuna boda, hakuna lori. Vilima vipo, vifupi. Mkifika mtoni karibu na maporomoko mtapata mpando wa kutosha kumfundisha mtoto gia.

Baba Otis: Kaeni kwenye njia zilizoruhusiwa baiskeli tu, na mkiwapita watu wa miguu punguzeni mwendo kabisa. Kuna wazee na watoto wadogo mle. Kengele inasaidia, salamu inasaidia zaidi.

Mzee Musyoka: Na Shiru aambiwe habari ya msitu huo kabla ya kuukanyaga. Januari 1999 Wangari Maathai alipigwa pale langoni kwa sababu alikwenda kupanda mti, wakati watu wameshagawiwa ardhi ya msitu wajenge. Kama si yeye na wenzake, leo mngekuwa mnatafuta pa kuendesha baiskeli katikati ya majumba.

Mama Shiru: Nitamwambia, mzee. Asante.

Halima wa Blok C: Sasa hiyo ya mzee, ya kushuka tu?

Baba Otis: Tunapakia baiskeli kwenye pikapu mpaka Tigoni, kule Limuru. Pale tuko juu ya mita 2,000, asubuhi kuna baridi ya kweli, njoo na sweta. Limuru ndiko chai ilikopandwa kwanza nchini, mwaka 1903, na bado mashamba yamefunika vilima vyote. Tunapita barabara za murram kati ya chai, tunashuka na mgongo hadi Banana, Muchatha, Ruaka. Kadiri unavyoshuka ndivyo hewa inavyopata joto. Mpaka Karura tumeteremka zaidi ya mita 300. Tunaingia msitu kwa lango la Barabara ya Limuru, tunaukata, tunatokea upande wa Kiambu, nyumbani.

Baba Otis: Kutoka Banana kushuka kuna matatu nyingi kwenye lami. Tutafuata vijia vya pembeni kila vilipo, na pasipo na kijia tutaenda mmoja mmoja, mstari mmoja. Na ndani ya shamba la mtu hatuingii bila kuomba. Wachumaji wako kazini, sisi tuko kwenye starehe.

Mzee Musyoka: Hiyo nimeikubali. Niandikeni.

Mama Shiru: Kupanda nitavumilia. Kushuka ndiko naogopa jamani.

Baba Otis: Mama Shiru, wengi huogopa kushuka kwa sababu wanashuka wakiwa wamekaa. Inuka kidogo kwenye kiti, simama juu ya pedali, pedali zote mbili ziwe sawa, isitangulie moja chini ikagonga jiwe. Magoti na viwiko vilegee. Makalio yarudi nyuma. Macho mbele, mita kadhaa, si kwenye tairi. Ukilitazama shimo utaliingia.

Baba Otis: Breki: tumia zote mbili, kidogo kidogo, na umalize kupunguza mwendo KABLA ya kona. Ukibana breki ya mbele katikati ya kona kwenye udongo, tairi inakimbia nawe uko chini. Hilo ndilo la kufanyia mazoezi Karura siku nzima, kushinda mwendo.

Fundi Kim: Naongeza. Baiskeli nyingi za mtumba nazopokea zina breki ambazo mpira umeisha au waya umeshika kutu. Mama Shiru usiende popote kabla sijaiona. Na upepo wa tairi: watu wanajaza mpaka inakuwa jiwe. Njia ya udongo inataka tairi inayokubali kubonyea kidogo, inashika chini vizuri. Pembeni mwa tairi kumeandikwa kipimo cha chini na cha juu. Kaa karibu na cha chini, usikipite, maana hapo tyubu inabanwa na rimu na unapata pancha.

Halima wa Blok C: Na mvua ikinyesha usiku wa kuamkia? Oktoba hii vuli inaweza kuanza wakati wowote.

Baba Otis: Ikinyesha kweli, hatuendi huko juu. Udongo mwekundu wa Kiambu ukilowa ni sabuni, na ukianza kukauka ni gundi, unajaza tairi mpaka gurudumu haligeuki. Isitoshe, tukipita hapo tunachimba mitaro kwenye njia ambayo watu wanaitegemea kufika sokoni. Jua likiwaka siku moja, njia ya juu ya mgongo huwa imekauka. Chini mtoni huchelewa.

Brayo: Bado nangoja yangu 🙋🏾‍♂️

Baba Otis: Yako ni hii. Unaanza nasi Tigoni, halafu wewe na wale wawili wa Blok A mnageuka mashariki kuelekea mji wa Kiambu, mkikata mito. Chai inaisha, kahawa inaanza. Kila mto una daraja dogo au mawe ya kuvukia, na kila mpando ni mkali. Ingia gia ndogo ukiwa bado kwenye mteremko, ukingoja mpando ukukamate mnyororo utalia na pengine ukatike. Msimu huu wa kuchuma kahawa kuna malori na trekta kwenye barabara za mashamba, kwa hiyo kwenye kona isiyoonekana shika upande wako.

Baba Otis: Na usiidharau kwa sababu si Ngong. Chris Froome, yule wa mbio za baiskeli, alizaliwa hapa Nairobi, akashinda Tour de France mara nne, na ujana wake alikuwa akimfuata mwalimu wake David Kinjah kwenye vijia vya Kikuyu, migongo ya aina hii hii. Miguu ile ilianzia kwenye udongo huu.

Brayo: Basi nimekubali. Ngong tupange Januari.

Baba Otis: Januari ni sawa, kavu. Tutachukua askari wa msitu wa kutusindikiza, na wanaokuja wawe wameshakata Kiambu.

*Jumatano asubuhi*

Halima wa Blok C: Nimeota vilima usiku kucha. Swali: Desemba wanangu wa dada wanakuja kutoka Mombasa, hawajawahi kuendesha kwenye kilima chochote. Hell's Gate kule Naivasha ni ya kweli au ni ya picha tu?

Baba Otis: Ni ya kweli dada. Ni mbuga, lakini baiskeli zinaruhusiwa, na utawapita punda milia na twiga ukiwa juu ya kiti chako. Kutoka lango la Elsa hadi korongoni njia ni tambarare kiasi, katikati ya majabali. Taabu ni vumbi na mchanga laini unaozamisha tairi: tumia gia nyepesi, usikate kona kwa ghafla. Nyati akionekana karibu, simameni mbali mmwachie. Na kukiwa na wingu zito msishuke korongoni, maji huja kwa kasi hata kama mvua imenyesha mbali.

Halima wa Blok C: Ahsante sana kaka. Nimeandika yote.

Mama Shiru: Nani atakuwa nyuma siku ya Mashujaa? Nisije nikaachwa kwenye chai.

Baba Otis: Mimi. Kazi yangu ni kuwa wa mwisho, hakuna atakayekuwa nyuma yangu. Na kila makutano wa mbele wanasimama mpaka nifike, kisha tunapumzika PAMOJA. Wale wa mbele wasiondoke mara tu wa nyuma anapofika, yeye ndiye anayehitaji kupumzika.

Mzee Musyoka: Hilo ni jema sana.

Fundi Kim: Leteni baiskeli kwangu Alhamisi na Ijumaa, si Jumamosi usiku. Pikapu nimeshaongea na mwenyewe, inabeba baiskeli nane, tunatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kila mtu tyubu moja ya akiba na maji lita mbili.

Mama Shiru: Shiru hana helmeti inayomtosha. Yangu inamfunika macho.

Halima wa Blok C: Ya binti yangu ipo, haitumii tena. Mtume Shiru aje aijaribu sasa hivi, niko nyumbani.