Mwaka wa kwanza wanakwama kwenye uchaguzi wa mlaji

Ticha_Mbagala: Wakuu, nafundisha uchumi hapa Dar. Mstari wa bajeti (michanganyiko ya bidhaa ambayo pesa yote inaweza kununua) wanauelewa, ila nikichora mikunjo ya ridhaa sawa (kila mkunjo ni michanganyiko inayomridhisha mlaji kwa kiwango kilekile), darasa kimya, feni tu ndiyo inasikika. Mnaanzaje?

Kkoo77: Anza na tumbo, mkuu. Mpe mmoja 3,000: chapati 500, soda 1,000. Soda moja inakula chapati mbili, ndio mteremko wa mstari wa bajeti. Halafu muulize: kwa soda moja zaidi, yuko radhi kuacha chapati ngapi? Akisema tatu, aongeze soda, maana dukani inamgharimu mbili tu. Akisema moja, arudi kwenye chapati. Kalkulasi baadaye.

Ticha_Mbagala: Na asiyetaka soda kabisa?

Kkoo77: Huyo yuko kwenye kona, chapati zote sita. Wangu mmoja aliuliza kama maharage ni ya bure.