Mjadala: Hospitali iruhusiwe kuacha karatasi kabla kompyuta yake haijaweza kukamata kosa la dawa?

Sista wa Wodi ya Watoto

Wadau, hamjambo. Mimi ni muuguzi hapa Nairobi, mwaka wa kumi na nne sasa kwenye wodi ya watoto. Hospitali yangu sitaitaja. Kuna jambo limeninyima usingizi tangu mwezi uliopita, nami naomba tulijadili.

Ilikuwa saa nane za usiku. Mtoto wa miezi mitano amelazwa na nimonia. Nafungua skrini, naona gentamisini, dawa ya kuua bakteria, miligramu 457, mshipani, mara moja kwa siku. Kichupa kimoja kina miligramu 80. Nikavunja cha kwanza, nikavunja cha pili, nikakishika cha tatu, mkono ukakataa. Katika miaka yangu yote sijawahi kumvunjia mtoto wa umri ule vichupa viwili, sembuse sita. Nikarudi kwenye skrini kuangalia uzito: kilo 61. Mtoto alikuwa na kilo 6.1. Nukta ilianguka pale alipopimwa, na kwa kuwa dozi ni miligramu 7.5 kwa kila kilo, mashine ikapiga hesabu ya mtu mzima.

Gentamisini ikizidi huharibu figo na masikio. Mashine ilikuwa na umri wa mtoto, ilikuwa na uzito, na haikuuliza chochote. Vichupa sita, hata hivyo, vilikuwa vimeshaingia kwenye bili ya mamake.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mfumo ule ulinunuliwa ili ulipishe, na kazi hiyo unaifanya vizuri. Sisi tumeondolewa chati ya dawa ya karatasi kana kwamba mfumo umechukua na kazi ya kumlinda mgonjwa. Nasema hospitali isiruhusiwe kuondoa chati mpaka ionyeshe, mbele ya mkaguzi, kwamba kompyuta yake inakamata kosa la dawa.

Sisemi kompyuta ni mbaya. Daktari David Bates wa hospitali ya Brigham and Women's kule Boston, Marekani, amelifanyia kazi jambo hili kwa miongo mitatu. Mwaka 1995 yeye na wenzake walionyesha kwamba kwa kila wagonjwa 100 waliolazwa kulitokea madhara ya dawa kama 6.5, na zaidi ya robo ya madhara hayo yangezuilika. Mwaka 1998 wakaonyesha kwamba madaktari walipoandika dawa kwenye kompyuta, makosa makubwa yalipungua kwa asilimia 55. Lakini kompyuta ile ilimwekea daktari dozi zinazofaa mbele ya macho na kumwonya kuhusu mzio. Ya kwetu inampa kisanduku kitupu, ajaze atakacho.

Fundi wa Mifumo, Ngara

Sista, pole kwa usiku ule, na Mungu aubariki mkono wako. Mifumo hii ndiyo kazi yangu, naifunga hospitalini, kwa hiyo nitasema ninachokiona. Siku ya mkutano wa kwanza mezani wanakaa mwenye hospitali na mhasibu wake. Mfamasia haitwi, muuguzi haitwi. Naulizwa kama madai ya bima yatapita na kama pesa zitaacha kuvuja. Tangu SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya taifa, ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, swali la madai limekuwa la kwanza na la mwisho. Kuifanya mashine ilinganishe uzito na umri ni kazi ya siku moja, na katika miaka yangu yote hakuna aliyeniomba.

Ila kukataza sikubali. Zahanati za Dandora na Umoja zikingoja kufaulu mtihani, zitabaki na karatasi miaka mingine kumi, na karatasi nayo inaua. Miligramu inasomwa gramu. Faili linapotea, mgonjwa anaanza upya kujieleza. Mwaka 2018, pale Hospitali ya Kenyatta, mgonjwa alipasuliwa kichwa badala ya mwenzake, na ilivyoripotiwa, chanzo kilikuwa vibandiko vya majina vilivyobadilishana. Hapo kompyuta haikuwa na lawama.

Tena nchi hii si mgeni. Mosoriot, karibu na Eldoret, walianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta mwaka 2001, na kazi ile ikachangia kuzaliwa kwa OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa, ambayo sasa inatumika nchi nyingi. Mwaka 2013 mtafiti Martin Were na wenzake walichapisha utafiti wa kliniki ya watoto wenye virusi vya ukimwi magharibi mwa Kenya. Kompyuta ilimkumbusha mhudumu kazi zilizopitiwa na wakati, kama kipimo kilichosahaulika. Kwa waliokumbushwa, asilimia 68 ya kazi hizo zilifanyika. Kwa wasiokumbushwa, asilimia 18.

Mfamasia, Eastlands

Fundi, usiahidi maonyo haraka hivyo. Mimi nimefanya kazi na mfumo unaopiga kelele kwa kila kitu, hata kwa Panadol. Wiki ya kwanza unasoma. Wiki ya tatu kidole kinabonyeza "endelea" chenyewe. Watafiti waliopitia tafiti za nchi mbalimbali mwaka 2006 walikuta maonyo ya dawa yanarukwa kati ya asilimia 49 na 96. Onyo la kilo 61 likija katikati ya maonyo hamsini ya upuuzi, nalo litarukwa. Chagueni makosa machache yanayoua, mashine iyazuie hayo kabisa, mengine inyamaze.

Mama wa Kayole

Mimi si mtu wa hospitali, ila nina la kusema. Mwanangu ana alaji, yaani mzio, ya penisilini. Nina daftari la kurasa 32, gamba la samawati, nimeandika hapo mbele kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa. Nimeenda nalo kliniki nne. Ile ya mwisho wananiambia, mama, hilo siku hizi hatuandiki, kila kitu kiko kwa kompyuta. Kompyuta gani? Ya hapo kwao. Ile ya ng'ambo ya barabara haimjui mtoto wangu.

Stima ikipotea tunaambiwa tungoje, sistimu imelala. Daftari langu halilali. Usiku ule wa Agosti 2023 nchi nzima ilipokuwa gizani, nilimulika daftari na tochi ya simu, daktari akasoma. Kwa hiyo mimi niko na Sista. Msiniondolee karatasi kabla hamjanipa kitu kinachofanya kazi yake.

Daktari wa Majeruhi

Mama amesema kitu ambacho wataalamu huchukua kurasa ishirini kukieleza. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 imeunda Wakala wa Afya ya Kidijitali, na nia ni mifumo ya hospitali mbalimbali izungumze. Mpaka siku hiyo ifike, mama, andika. Nami nikikuona nitaandika hapo hapo kwenye daftari lako.

Kwa Fundi nina onyo. Mwaka 2005 hospitali moja ya watoto ya Pittsburgh ilichapisha matokeo ya kuleta uandikaji wa dawa kwa kompyuta. Kati ya watoto waliohamishiwa pale kwa matibabu maalumu, vifo vilipanda kutoka asilimia 2.80 hadi 6.57. Zamani mtoto akiwa bado njiani, dawa zake ziliandikwa na kutayarishwa. Baada ya kompyuta, hakuna kuandika mpaka afike na asajiliwe. Wauguzi nao wakahama kitandani kwenda kwenye skrini. Mimi nalijua hilo kwa macho yangu, maana hapa kwetu mtu anafika anavuja damu, nami nangoja dirisha la usajili limpe namba ndipo niweze kumwandikia.

Lakini sikilizeni na upande wa pili. Seattle walifunga mfumo ule ule wa Pittsburgh, wakajiandaa kwa namna nyingine, na vifo havikuongezeka. Kwa hiyo kumpima anayeuza programu peke yake hakutoshi. Ipimwe wodi yenyewe, na watu wake ndani.

Sista wa Wodi ya Watoto

Daktari, Mfamasia, Mama, nimewasikia. Fundi, hilo la Dandora limenichoma, kwa sababu nilianzia kazi kwenye zahanati ya aina hiyo na najua mwandiko wenyewe. Nabadilisha sehemu moja ya dai langu: nisiseme hakuna kuanza. Anzeni, lakini chati ya karatasi ibaki kando ya kitanda mpaka wodi ifaulu.

Na mtihani wenyewe upo. Kule Marekani, Bates na wenzake wametumia kipimo ambacho hospitali inaingiza wagonjwa wa kubuni, kisha inawaandikia dawa za hatari kwa makusudi, waone mashine itashtuka au la. Mwaka 2009 mifumo ilikamata kama asilimia 54 ya hatari hizo. Mwaka 2018 ilifika kama asilimia 66. Hao ndio wenye pesa, na bado theluthi inapita. Sisi tunashindwaje hata kujaribu? Mgonjwa wa kubuni hana gharama. Juzi, mbele ya mkuu wangu wa zamu, nilimwandikisha mmoja: mtoto wa siku tatu, kilo 40, mzio wa penisilini. Nikamwandikia ampisilini, ambayo ni ya jamii hiyo hiyo ya penisilini. Mashine ikapokea bila neno.

Mkuu wangu alikaa kimya kidogo, kisha akatoa chati za karatasi kabatini.

Fundi wa Mifumo, Ngara

Sista, nipe mipaka ya uzito. Si ya umri wote, nianzie na watoto chini ya mwaka. Nitaiweka kwenye mfumo wa hospitali ninayohudumia wiki hii, bila kungoja mkutano wala malipo.

Sista wa Wodi ya Watoto

Miezi mitano: chini ya kilo 3 au zaidi ya kilo 12, mashine isimame, mtoto apimwe tena, muuguzi wa pili athibitishe. Miezi mingine nakutumia asubuhi nikitoka zamu. Mfamasia, tafadhali zipitie kabla hajaziweka.

Mfamasia, Eastlands

Nileteeni na mipaka ya dozi za gentamisini, ampisilini, fenobabitoni na potasiamu. Hizo nne kwanza.