Kisu tumekitengeneza mafundi wanne, sasa tukiuzeje? Mnada ama tiketi?

kijana_wa_langoni

Assalam alaykum wote. Naomba ushauri kabla hatujagombana huku. Mnajua taabu ya kuleta mgonjwa mjini Amu (Lamu) usiku kutoka upande wa kisiwa cha Pate, mama akishikwa na uchungu mpaka boti itafutwe, petroli ichangwe, maji nayo yawe yamekupwa basi ni kungoja tu na kuomba Mungu. Sisi boti tunayo, tulipewa na mtu wa kheri, ila mashine yake imekufa kabisa, fundi amefungua amefunga mara tatu akasema hii sasa ni nanga. Tunachangisha mashine nyingine.

Rafiki yangu akaona kwenye simu vile watengenezaji visu wa nje wanafanya, mmoja anafua bapa, anampelekea mwenzake atie mpini, mwingine anashona ala, halafu kinauzwa na pesa zote zinaenda kwa msaada. Tukasema mbona na sisi Amu mafundi tunao. Basi chuma ni springi ya Land Rover kutoka gereji ya Mokowe, mfua chuma wetu akaifua. Mpini ni vibao viwili vya mbambakofi vilivyotoka kwenye jahazi la zamani lililovunjwa Matondoni, seremala anasema ule mti umekunywa chumvi miaka thelathini hautaoza leo wala kesho, vimebanwa kwa ribiti tatu za shaba. Sonara wa Mkomani akatia fedha shingoni pale mpini unapokutana na bapa, na kijana anayeshona makubadhi akatengeneza ala ya ngozi ya ng'ombe.

Nisifiche, hiki ni cha pili. Cha kwanza kilipasuka. Tulikuwa watu saba pale tumesimama, kisu kimeiva chekundu, fundi akakichovya kwenye ndoo ya maji, tukasikia kitu kama mtu amegonga bilauri na ukucha. Ti! Hakuna aliyesema kitu. Fundi akakitoa, akakipangusa na kanga kuukuu, akatuonyesha ufa mwembamba kama unywele umepanda kutoka kwenye makali mpaka katikati ya bapa. Siku nne za kazi hizo.

Sasa swali. Nusu ya kamati wanataka tiketi za 200 bob, zikiuzwa elfu moja ni laki mbili, halafu mtoto anachomoa namba moja na mwenye namba anabeba kisu. Nusu wanasema mnada, pale Mkunguni mbele ya Ngome, mfungo sita wakati wa maulidi mji umejaa wageni. Wa tiketi wanasema mnada ni wa matajiri, maskini atasimama tu kutazama. Wa mnada wanasema tiketi ni kamari. Mnasemaje?

ustadh_mstaafu

Waalaykum salaam mwanangu. Mumefanya jambo zuri, Mungu awalipe. Lakini hiyo ya tiketi iwacheni. Mtu anatoa 200 kwa tamaa ya kupata kisu cha maelfu, akikosa zimekwenda, akipata amekula za wenziwe, jina lake ni kamari hata mkiipaka rangi ya sadaka. Surat al-Maida aya ya 90 iko wazi. Na hao akina mama mnaotaka kuwasaidia hawatafurahi wakijua boti imesukumwa na pesa za namna hiyo.

Mnada hauna tatizo. Kuna kile kisa cha Ansari mmoja, mtu wa Madina, aliyekwenda kumwomba Mtume (s.a.w.) msaada, nyumbani hana kitu ila tandiko na bakuli la kunywea. Mtume akavichukua akavinadi mwenyewe mbele ya watu, nani atanunua, mmoja akasema dirhamu moja, akauliza nani atazidisha, vikaenda kwa dirhamu mbili. Moja akamwambia anunulie watu wake chakula, na ya pili anunue shoka, na lile shoka Mtume akalitia mpini kwa mikono yake, akamwambia nenda ukakate kuni uuze. Sasa nyinyi mnanadi chuma chenye mpini kwa ajili ya mwenye shida, mnataka mfano gani tena?

chuma_na_moto (Malindi)

Mimi tiketi na mnada sina neno, nazungumzia hicho kilichopasuka maana nimeumia kama ni changu. Kaka, springi haizimwi kwenye maji! Chuma cha springi kina kaboni karibu asilimia 0.6 na mara nyingi kimechanganywa na kromiamu, kinashika ugumu haraka, ukikitia maji kinapoa kwa ghafla, nje kimeganda ndani bado kinavutana, lazima kipasuke. Kizime kwenye mafuta, hata ya kupikia sawa, na uyapashe kwanza yawe ya vuguvugu la moto, maana yakiwa baridi ni mazito na hayapozi chuma sawasawa.

Na moto usikisie kwa macho mchana. Chukua sumaku, chuma kikifika kama nyuzi 770 sumaku haishiki tena, hapo ongeza kidogo tu halafu zima. Baada ya hapo kisu ni kigumu kama kioo, kikianguka sakafuni kinavunjika, kwa hiyo lazima kirudi kwenye moto mdogo, nyuzi 200 hivi, kwa muda wa saa mbili, kipoe, halafu tena muda uleule. Kikitoka kina rangi kama asali nyepesi. Hicho cha pili mlikifanyaje? Kama kilizimwa tu hakikurudishwa motoni, msikiuze kwa mtu bado, tafadhali.

Na pia msimlaumu fundi sana. Springi iliyobeba gari miaka mingi huwa na nyufa ndogo ambazo hazionekani mpaka izimwe. Inawezekana ule ufa ulikuja nao kutoka Mokowe.

kijana_wa_langoni

@chuma_na_moto shukran sana kaka. Cha pili tulizima kwa mafuta ya kupikia, mji mzima ulinuka bhajia. Halafu kikaenda kwenye tanuri la mkate huku Langoni baada ya mikate kutoka, mwenye tanuri akasema digrii ziko mia mbili na kidogo, kikakaa humo mpaka adhuhuri. Ila mara moja tu. Nitamwambia fundi akirudishe tena kabla sonara hajamaliza kung'arisha.

mzaha_tupu

Kisu cha laki mbili mtu atakatia nini, papai?

mama_wa_mapacha

@mzaha_tupu nyamaza wewe, mimi pacha wangu wa kwanza alizaliwa ndani ya boti, wa pili hapo jeti boti inapofunga. Hao wanaocheka hawajui.

Mwanangu kijana, mnada sawa, lakini mimi nauliza pesa zitakaa wapi. Miaka ya nyuma tulichanga hapa kwa jambo jingine la kheri, kina mama tukauza mahamri na viazi karai wiki mbili, pesa zikawekwa kwenye simu ya mtu mmoja "muaminifu". Yule mtu hadi leo tukikutana kwenye kichochoro anageuka kama amesahau kitu nyumbani. Kwa hiyo: akaunti yenye sahihi za watu watatu na mmoja wao awe mwanamke, na siku ya mnada hesabu isomwe palepale kwa kipaza sauti.

Na jingine. Mafundi mumewalipa? Msiseme wamejitolea wote. Mkono wake amejitolea sawa, lakini ile fedha ya sonara na ngozi ya yule kijana wa makubadhi walinunua kwa pesa zao, na yule kijana ndiye maskini kuliko nyote. Rudisheni gharama ya vifaa kwanza, muitaje wazi, kinachobaki ndio cha mashine. Mtu haulizwi sadaka mbele ya watu akaweza kukataa.

mtoro_wa_muscat

Wallahi nimesoma hii nikiwa kazini nikacheka na kulia. Huku Oman watu wanapenda vyuma vya kiunoni, hanjari iko hata kwenye bendera yao. Fungueni mnada kwenye WhatsApp wiki mbili kabla, picha kila siku, dau likipanda mnaandika, halafu la juu kabisa ndilo linaanza nalo Mkunguni usiku ule. Na sisi tulio nje tuweke mtu wa kutunadia hapo. Tumetangulia saa moja tu, tutakuwa macho.

Mambo mawili. Atakayenunua kutoka nje asidhani atapanda nacho ndege uwanja wa Manda kwenye mkoba wa mkononi, kitachukuliwa hapohapo, kiende kwenye begi la kupakiwa chini. Na la pili, niliona kwenye grupu mzee mmoja ametaka mpini utiwe gamba la ng'amba, yule kasa wa baharini, "kama za zamani". Mwambieni hapana kwa heshima zote. Ng'amba ni sawa na pembe za ndovu tu, ukikamatwa nalo ni kesi, na hakuna nchi utavuka nalo. Biashara ya pembe ilipigwa marufuku duniani 1989 na mwaka uleule Kenya ikachoma tani 12, 2016 ikachoma tani 105. Mtaka kuokoa watu asije akafungwa kwa sababu ya pambo. Mbambakofi ya jahazi inatosha, na mimi kwangu ndiyo inayonifanya nikitake.

seremala_wa_pwani

Mti wa jahazi usiupake vanishi. Mafuta ya nazi tu, kidogo, mara kwa mara.

kijana_wa_langoni

Jamani ahsanteni, tulikaa jana baada ya isha. Tiketi zimekufa, ustadh tumekusomea maneno yako yote na hata waliokuwa wakali walinyamaza pale kwenye shoka. Ni mnada. Na kwa ajili ya wasio na uwezo, kutakuwa na daftari, anayetoa hata bob 20 anaandikwa, na daftari litakaa ndani ya boti.

Mama wa mapacha, vifaa tumehesabu. Sonara amekataa katakata kulipwa, kijana wa makubadhi amekubali baada ya kubembelezwa. Na mweka hazina wa tatu ni wewe, usiseme hukuambiwa.

Kisu kilirudi kwenye tanuri leo asubuhi. Mwenye tanuri anataka jina lake litajwe mnadani pamoja na mafundi, anasema sasa ni mafundi watano.

chuma_na_moto (Malindi)

Na kile kilichopasuka kiko wapi? Msikitupe. Natuma elfu tatu, nikitundike ukutani karakana yangu vijana wangu wauone ule ufa kila wakishika ndoo ya maji.

mtoro_wa_muscat

Elfu nne.