SEHEMU 74 NIMESUBIRI, KUMBE WAPEANE MIKONO!

BintiMkele
Mnisamehe kwa kuingia bila hodi. Leo nna hasira mpaka mikono inanitetemeka, na nikitaja mikono ndo moyo unaniripuka tena.

Mnamjua mtunzi nnaemkusudia. Simtaji, hana haja ya kutajwa, kila simu ya Unguja na Pemba anaingia saa 3 usiku na simulizi yake ya kusaka wezi wa karafuu na "itaendelea" yake. Yule yule wa elfu mbili kwa mwezi. Yule anaetuachia arosto Ijumaa, anapotea mpaka Jumatatu kama mtu aliekopa.

Sehemu 74. Sabini na nne! Nilipoanza kuisoma mwanangu hajaota jino, leo ananing'ata. Nimeunguza vitumbua vya watu kwa ajili ya simulizi hii. Sehemu ya 58, ile waliyokwama kwenye jahazi: usiku, dhoruba, tanga moja wawili chini yake, bibie anatetemeka kwa baridi. Mie kijiti mkononi nimesahau kugeuza, vitumbua ishirini vishakuwa makaa ya seredani. Nikasema potelea mbali, leo leo. Mwanamme kasogea. Kainua mkono. Kapima upepo.

Kapima UPEPO.

Nikavumilia. Nikajiambia huyu mtunzi fundi, anapika kwa moto mdogo. Ya 60 kimya. Ya 63 kimya. Ya 66 anamwambia "una macho makali", nikaruka kitandani, kumbe anamsifu kwa kusoma namba ya ngalawa kutoka mbali.

Ikafika jana, sehemu ya mwisho. Wezi wa karafuu washakamatwa, mwanamme anarudi na boti, anashuka bandari ya Malindi, hapa Unguja. Bibie yuko bandarini tangu alfajiri. Mtunzi mwenyewe, si mie, kamvisha buibui jipya. Kamfukiza udi. Kamtia kikuba, kile kishada cha asumini, na ua la kilua katikati. Kikuba! Nyie mnajua kikuba kinavaliwa kwa lipi. Hakuna mtu anaevaa kikuba kwenda kulipa bili ya maji.

Wanaonana. Watu wanapisha. Moyo wangu uko hapa kooni. Halafu:

"Wakapeana mikono."

Basi. MWISHO, kwa herufi kubwa, na chini yake namba ya kutuma pesa ya simulizi mpya.

Wakapeana mikono! Kama watu waliouziana baskeli! Kama mgombea na sheha! Muuza samaki wa Darajani hunipa zaidi ya mkono, hunitilia na kichwa cha changu juu yake.

Na ati kafanya kusudi. Katutumia sauti ya dakika 6, ati kadhamiria tangu sehemu ya kwanza kusiwe na mahaba hata chembe, maana simulizi za siku hizi zimezidi mapenzi. Sawa bwana, usitie, nani kakulazimisha? Lakini usimvishe mtu kikuba! Umewasha moto, umebandika chungu, umekuna nazi, majirani washasikia harufu, halafu unatoka mlangoni unasema leo tumefunga.

Wakapeana mikono. Nimelala nayo, nimeamka nayo. Nani mwengine kaliwa elfu mbili zake hapa?

KiatuKimoja
Siti ya mbele, njugu mkononi. Povu tamu hili.

MamaWawili
Shoga pole. Mie nililia. Mume akaniuliza nani kafa, nikamwambia hakufa mtu, angekufa mmoja wao ningeelewa.

UstadhWaZamu
Assalaam alaykum. Hata hiyo mikono haijuzu, si maharimu wake. Mtunzi hapo kavuka mpaka, ilikuwa wasalimiane kwa mbali.

KiatuKimoja
Ustadh nae kaja kuchukua hata kile kidogo kilichobaki 😂

BabuKikwajuni
Watoto wa siku hizi hamna subira. Sisi tumemsoma mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, kitabu chake cha mwanzo kimetoka 1960. Msa na kiko chake mdomoni, rafiki yake Najum ubavuni, tunataka kujua nani kaua. Hakuna aliekwenda duka la vitabu kudai harusi.

BintiMkele
Shikamoo babu. Na huyo Bwana Msa alimvisha mtu kikuba akamuacha bandarini?

BabuKikwajuni
Marahaba. Hilo silikumbuki.

MwanafunziTunguu
Mleta uzi, jambo hili halikuanza na mtunzi wenu. Kuna Mmarekani alieandika kwa jina la S. S. Van Dine, mwaka 1928 katoa kanuni 20 za hadithi za upelelezi. Ya 3 inakataza mapenzi moja kwa moja, ati kazi ni kumfikisha muovu mbele ya sheria, si kuwafikisha wapenzi kwenye ndoa. Mwaka huo huo Dorothy L. Sayers wa Uingereza nae kaandika kwamba mapenzi yakipungua kwenye upelelezi ndo bora. Kwa hiyo jamaa kafuata wakubwa.

MamaWawili
1928 ndo mwaka Siti binti Saad alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri. Wenzetu wanayapiga marufuku mapenzi, sisi tunayapandia meli tukayaimbe. Usituletee Van nani sijui hapa.

MwanafunziTunguu
Sijamaliza, bibie. Huyo Sayers alishindwa na maneno yake mwenyewe. 1930 kamletea mpelelezi wake, Lord Peter Wimsey, mwanamke anaeitwa Harriet Vane. Kwenye kitabu cha 1937 washaoana.

BintiMkele
Miaka SABA! Si mnaona! Miaka saba ntakaa hapa hapa kizingitini nasubiri, maadamu mwisho wake iko biriani. Sie baada ya sehemu 74 tumepewa nini? Tumepewa mkono!

MkaangaPweza
Mbona yule mpelelezi Sherlock Holmes hakuoa na dunia nzima inamsoma.

MamaWawili
Rafiki yake Watson alioa. Alau mmoja ndani ya nyumba!

FundiRedio
Mie nimo kwenye kundi la simu la huyo mtunzi. Dada, mbona husemi alivokujibu ulipomlalamikia? Sema yote.

BintiMkele
Nani kakuuliza?

KiatuKimoja
Alimjibu vipi??? Fundi usituache na arosto na wewe.

FundiRedio
Kamwambia mbele ya watu 240, "Dada, ukitaka mahaba kaolewe."

MamaWawili
LOO.

UstadhWaZamu
Laa hawla.

BintiMkele
MIE NIMEOLEWA! Mume wangu huyu hapa anakula, hata kichwa hajainua! Ndo maana nataka mahaba ya KUSOMA!

KiatuKimoja
Nimemwaga njugu zote.

BabuKikwajuni
Mwanangu, mume anaekula kimya anakupenda. Bibi yenu mie simwambii kitu mwaka wa arubaini huu.

MamaWawili
Babu na wewe ungeandika simulizi, mungefanana na yule.

MpembaHalisi
Mie nawangoja mumalize hayo ya mikono, maana mambo makubwa mumeyaacha. Hiyo sehemu ya 58 mumeisoma vyema? Kaandika ati upepo wa kusi wawasukuma kutoka Wete kwenda Malindi. Kusi! Kusi latoka kusini, sasa lawasukuma kuendea Unguja vipi? Hao wangeamka Mombasa. Tena huyo shujaa wenu kaupima!

FundiRedio
Labda alikusudia kaskazi.

MpembaHalisi
Kaandika kusi, na mwezi kautaja, wa saba. Na si hilo tu. Karafuu ati zachumwa asubuhi, usiku zishapakiwa jahazini kwa magendo. Makonyo, vile vijiti vyake, zilichambuliwa saa ngapi? Zilianikwa wapi? Hizo zataka siku nne za jua kali, jioni uzianue umande usizipate, mvua ikinyesha mbio nyumba nzima mpaka mgeni. Akiziweka mbichi kwenye gunia zapata moto, zaoza. Wale hawakuwa wezi wa karafuu, walikuwa wezi wa taka. Mtu huyu hajakanyaga jamvi la karafuu maisha yake, nyie mwamshitaki kwa mikono!

BintiMkele
Kaka yangu, karafuu mbovu nitamsamehe. Kikuba simsamehe.

MkaangaPweza
Mumetaja bahari, basi nami nna langu, na mie ndo mwenye haki ya kulia hapa. Juzi nimepanda boti kwenda Pemba kwenye harusi, kanzu mpya imepigwa pasi. Tumefika nje ya bandari ya Mkoani tunaelea, hatufungi gati wala hatuambiwi kitu. Mtoto wa mtu ambae hata simjui kaniegemea, kanitazama vizuri usoni, kanitapikia kutoka kola mpaka chini. Nimeingia nikahini nanuka maziwa ya mgando.

MamaWawili
Si uombe mfuko?

MkaangaPweza
Mifuko imekwisha hata Nungwi, ncha ya Unguja, hatujaipita.

KiatuKimoja
Na wenyeji walikupokeaje, walikupa mkono?

MkaangaPweza
Kwa mbali. Ustadh angefurahi.

MpembaHalisi
Kosa lako ulikaa juu mbele. Tafuna tangawizi mbichi kabla ya kupanda, ukae chini, nyuma.

MamaWawili
Mie tangawizi hunizidishia. Ndimu ndo dawa, unaikata unainusa njia nzima.

MkaangaPweza
Mie ndimu nilinusa mbili. Alietapika si mie.

MpembaHalisi
Ndimu ni ya watu wa Unguja, wanaovuka kwenda Dar es Salaam wakarudi wakajiita mabaharia.

BabuKikwajuni
Kijana, chunga ulimi.

UstadhWaZamu
Na dua ya safari msiisahau, tangawizi na ndimu ni sababu tu.

BintiMkele
Jamani rudini kwenye uzi! Alfajiri yote kasimama pale na kikuba!

FundiRedio
MpembaHalisi, chini nyuma si ndo kwenye moshi wa mashine?

MpembaHalisi
Moshi wauepuka ukikaa kati. Pembeni ndo utaunusa.

BintiMkele
Kwa hiyo kati, si dirishani? Nauliza maana Alkhamis naenda Chake kwa mama mkwe, na huyu anaeota meno ntakuwa nae.

MpembaHalisi
Kati, chini. Chukua kanga mbili za ziada, na usimnyonyeshe mpaka Nungwi iwe nyuma yenu.